Vijisumaku vidogo vya Jua tulivu: vipi vinafikisha joto juu, na vipi vinaishia chini?

#1 Msuka_Wavu

Wakuu, uzi huu ni wa wanaochambua data za Jua tulivu, yaani sehemu ya uso wa Jua isiyo na madoa wala maeneo hai. Swali ni moja. Fotosfia, yaani uso wa Jua tunaouona, imejaa vijisumaku vidogo kila upande. Ni vipi kati yake vinafikisha nishati kwenye kromosfia (tabaka la anga juu ya fotosfia) na korona (anga la nje kabisa), na ni vipi vinazaliwa na kufa chini bila anga la juu kupata habari?

Niweke msingi ili tusije tukazungumzia vitu tofauti. Granuli moja ya mchemko ina upana wa kilometa 1000 hivi na inadumu dakika 5 hadi 10. Juu ya mchemko huo upo mwingine mkubwa, supagranuli, wenye upana wa kilometa 30,000 na umri wa kama siku moja. Huo unasomba sumaku polepole, mita 300 hadi 500 kwa sekunde, na kuzirundika kingoni. Kingo hizo zikishikana zinafanya wavu. Nafasi za katikati nitaziita matundu ya wavu, maana ndivyo zinavyoonekana ukitazama picha ya Ca II K (mstari wa mwanga wa kalsiamu unaoonyesha kromosfia; Ca II H ni pacha wake): nyuzi zinazong'aa na matundu yenye giza.

Deni la nishati linajulikana tangu hesabu za Withbroe na Noyes za mwaka 1977. Kromosfia ya Jua tulivu inapoteza takriban wati 4000 kwa kila mita mraba, korona yake wati 300. Yeyote anayesema "sumaku ndogo ndizo zinazopasha" anatakiwa alipe deni hilo kwa kimo husika, kwa eneo zima na kwa muda wote. Kinukta kimoja kilichong'aa kwa dakika mbili hakilipi deni.

Kinachonisukuma kuandika ni uchambuzi wa mtindo huu: picha ya AIA (kamera ya setilaiti ya SDO inayoona anga la juu), duara kwenye kinukta kinachong'aa, pembeni ramani ya sumaku ya HMI (kifaa cha setilaiti hiyo hiyo), kisha hitimisho. Katikati ya hizo picha mbili kuna kilometa elfu kadhaa za anga, na ndimo kazi yote ilimo. Karibuni.

#2 Mrija1500

Mkuu, tuanze na mirija ya kwenye wavu, yaani mafungu membamba ya sumaku yaliyosimama wima, maana ndiyo yenye mzigo mkubwa.

Kwa nini tunapata gausi 1500, wala si 300 au 5000? Mchemko wenyewe, kwa nguvu ya mwendo wake tu, unaikaza sumaku hadi gausi 400 au 500 basi. Ikifika hapo, sumaku inaanza kuizuia plazima isipande na kushuka itakavyo. Plazima iliyonaswa ndani inapoteza joto kwa mnururisho, haipati joto jipya kutoka chini, inapoa, inaporomoka. Mrija unabaki mtupu kiasi, shinikizo la nje linaubana, na sumaku inakazika zaidi. Ndio mporomoko alioueleza Parker mwaka 1978. Setilaiti ya Hinode, iliyorushwa Septemba 2006, ilikuja kuunasa ukitokea: plazima inashuka kwa kasi ya kilometa kadhaa kwa sekunde huku sumaku ikipanda.

Kikomo unakipata kwa mstari mmoja wa hesabu. Shinikizo la sumaku ndani ya mrija haliwezi kuzidi shinikizo la gesi nje. Kwenye uso wa Jua shinikizo la gesi ni takriban paskali 10,000. Weka B²/2μ₀ (shinikizo la sumaku, B ikiwa nguvu yake) sawa na hilo, unapata tesla 0.16, yaani gausi 1600. Ukisoma karibu 2000 usishtuke sana, kwa sababu ndani ya mrija mtupu jicho linaona chini zaidi, ambako shinikizo la nje ni kubwa. Lakini inveshoni (hesabu ya kugeuza mwanga uliopimwa kuwa sumaku) ikikupa 3000 kwenye kinukta kidogo cha Jua tulivu, kagua inveshoni kabla ya kulisifu Jua.

Utupu huo ndio unaoufanya mrija ung'ae. Tunaona kina cha kilometa 100 hadi 200 zaidi kuliko pembeni, na kuta za shimo hilo ni za moto. Mrija ukiwa mwembamba, joto la kutani linafika katikati. Ukinenepa sana, katikati panapoa na unapata doa dogo jeusi. Kwenye bendi ya G, karibu nanometa 430.5, vinukta vinajitokeza zaidi kwa sababu molekuli za CH zinavunjika kwenye joto hilo na mistari yake ya giza inafifia.

Sasa tupande juu. Kimo-mizani cha shinikizo (H, kimo ambacho shinikizo linapungua karibu mara 2.7) hapo ni kilometa 120 hivi. Kwa mrija mwembamba, sumaku inapungua kwa exp(−z/2H) na kipenyo kinapanuka kwa exp(z/4H). Anza na gausi 1500 na kipenyo cha kilometa 150. Kwenye kimo cha kilometa 500 umebakiwa na gausi 190 na kipenyo cha kilometa 420. Kwenye kilometa 1000 ni gausi 23 na kilometa 1200. Kabla ya hapo kwa kawaida mirija jirani imeshagusana na hesabu hii imekufa, lakini picha inabaki: chini ni vijiti, juu ni paa. Paa hilo linatanda juu ya matundu ya wavu, na litatusumbua huko mbele.

#3 Pikseli_Tupu

Asante mkuu. Naomba kuuliza kuhusu HMI. Kwenye wavu wa Jua tulivu nasoma gausi 40, 60, mara chache 150. Hiyo 1500 iko wapi?

#4 Mrija1500

Imo humo humo. Mrija wa kipenyo cha kilometa 150 wenye gausi 1500 una fluksi (jumla ya sumaku: nguvu mara eneo) ya takriban maksweli 2.7 × 10¹⁷. Pikseli ya HMI ni nusu sekunde ya tao (kipimo cha pembe), kama kilometa 363 kila upande. Ukiimwaga fluksi hiyo yote ndani ya pikseli moja unapata gausi 200. Lakini darubini yenyewe inatenganisha sekunde 1 ya tao, kwa hiyo inatandazwa kwenye pikseli kama 4, na kila moja inaonyesha 50.

Namba ya HMI basi isome kama fluksi kwa eneo, usiisome kama nguvu ya sumaku. Tofauti hiyo ndiyo aliyoifichua Stenflo mwaka 1973 kwa kulinganisha mistari miwili ya mwanga wa chuma, nanometa 524.7 na 525.0: wastani ulikuwa mdogo, lakini uwiano wa mistari ulidai nguvu ya maelfu ya gausi ndani ya eneo dogo sana. Ilichukua muda mrefu hadi mirija yenyewe itenganishwe kwa macho, na darubini ya mita 1 ya puto la Sunrise, safari ya Juni 2009 kutoka Kiruna, ilifanya hivyo bila kuhitaji kukisia sehemu ya pikseli iliyojazwa.

#5 Pikseli_Tupu

Nimeelewa. Na vile vinukta vya Ca II H katikati ya matundu ya wavu? Vinang'aa, vinazima, vinarudi baada ya dakika 3. HMI haina kitu hapo. Ni sumaku dhaifu tusiyoiona?

#6 Mtetemo5

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Hivyo vingi ni sauti.

Mchemko unapiga kelele, mawimbi ya sauti yanapanda. Densiti inapungua haraka kadiri unavyopanda, hivyo wimbi lililokuwa likitikisa plazima kwa mita mia chache kwa sekunde chini linakua hadi linavunjika na kuwa mshtuko kwenye kimo cha kilometa 1000 hivi. Carlsson na Stein walionyesha mwaka 1997, kwa modeli isiyo na sumaku hata chembe, kwamba mishtuko hiyo inatoa vinukta hivyo kwa umbo na kwa wakati wake. Alama yake kwenye mstari wa Ca II H au K: kilele cha upande wa buluu kinawaka, cha upande wa nyekundu kinabaki hafifu, kisha kiini cha giza kinahama kutoka wekundu kurudi buluu. Kinajirudia mara mbili tatu kwa mwendo wa dakika 3, kisha mahali hapo panatulia.

Kwenye wavu mambo ni mengine. Mwangaza haukatiki, unapanda na kushuka kwa dakika 5, 7, hata zaidi, na vilele vyote viwili vimenyanyuka. Ukitaka kutenganisha haraka, chukua mfululizo wa angalau dakika 40 wenye picha kila sekunde 20 au chini ya hapo, piga Fourier (kutenganisha mitetemo kwa masafa yake) kwa kila pikseli, kisha gawanya nguvu ya milihezi 5 hadi 7 kwa nguvu ya chini ya milihezi 4. Uwiano mkubwa ni tundu la wavu na sauti yake, uwiano mdogo ni wavu. Kuzunguka wavu utaona pete ambamo mitetemo ya dakika 3 imefifia. Hapo paa la sumaku limeshuka chini na linayageuza mawimbi kabla hayajawa mishtuko.

Jambo la pili ambalo vijisumaku vinalifanya, na kwangu ndilo zuri kuliko yote: vinafungua mlango. Anga la Jua halipitishi wimbi la sauti lililo chini ya milihezi 5.2 hivi. Mitetemo mikuu ya Jua iko kwenye milihezi 3.3, ile ya dakika 5, kwa hiyo inagonga dari na kurudi. Ila wimbi likilazimishwa kufuata mrija uliolala, mvuto linaousikia unapungua na kikomo kinashuka kwa kosaini ya mlalo. Fanya hesabu: 3.3 gawanya kwa 5.2 ni 0.635, yaani mlalo wa digrii 50 na kitu. Mrija wa wavu unapopanuka, pembeni mwake mistari inalala kiasi hicho bila shida. Mitetemo ya dakika 5 inapenya hapo na kufika juu. De Pontieu na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwamba mitetemo hiyo iliyopenya inaweza kusukuma spikuli. Jefferies na wenzake mwaka 2006 walipima nishati inayopita kwenye milango hiyo ya wavu.

#7 Msuka_Wavu

Tukiwa kwenye sauti: tusisahau vita ya wati. Mwaka 2005 Fossum na Carlsson, kwa data za setilaiti ya TRACE, walisema mawimbi ya masafa ya juu yana nishati pungufu angalau mara 10 kwa mahitaji ya kromosfia. Baadaye vipimo vya darubini zenye ukali zaidi vilipata nishati kubwa zaidi. Sababu ni ya vitendo kabisa. Wimbi la sekunde 50 likienda kilometa 7 kwa sekunde lina urefu wa kilometa 350. Mwanga unaoupima unatoka kwenye tabaka nene karibu hivyo hivyo, kwa hiyo kilele na bonde vinafutana ndani ya kipimo kimoja. Bila kusahihisha hasara hiyo kwa modeli, huwezi kusema "haitoshi".

#8 Nukta112

Naingilia upande wa vipimo vya sumaku, hasa sumaku iliyolala. Huku ndiko watu wanakopotea.

Ishara ya Zeeman ni alama ambayo sumaku inaiacha kwenye mistari ya mwanga. Kwa sumaku inayokuelekea ishara hiyo, Stokes V, inakua sawia na B. Kwa sumaku iliyolala, Q na U zinakua kwa B mraba. Chukua mstari wa chuma wa 630.25, wenye kigezo cha Landé (kiasi mstari unavyoitikia sumaku) 2.5. Kwa kelele ya sehemu 1 kwa 1000 ya mwangaza, ambayo ndiyo ramani ya kawaida ya SP, kipima mwanga cha setilaiti ya Hinode, yenye sekunde 4.8 kwa kila hatua, unaweza kuhisi sumaku inayokuelekea ya gausi 3 hivi. Kwa kelele hiyo hiyo, sumaku iliyolala inaanza kuonekana ikiwa na gausi 100 na ushee. Inveshoni haijui hilo. Inaiona kelele ya Q na U, inaitafutia maelezo, na inakupa gausi 80 za sumaku iliyolala kwenye kila pikseli tupu. Ukichora histogramu ya mlalo unapata mlima mzuri kwenye digrii 90, na mlima huo kwa sehemu kubwa ni kelele. Kwa hiyo zile takwimu za mwaka 2008 za Lites na wenzake, gausi 55 zilizolala dhidi ya 11 zilizosimama, usizinukuu bila kueleza zilivyopatikana. Wao walifanya kazi ya makini, na pia walitumia mfululizo wenye muda mrefu wa kukusanya mwanga. Wanaozirudia mara nyingi hawafanyi hivyo.

Kuhusu kizingiti, angalieni hesabu hii. SP ina nukta 112 za urefu wa wimbi. Ukikagua Q, U na V zote, hiyo ni mara 336 kwa kila pikseli. Kizingiti cha sigma 3 (mara 3 ya kelele) kinavukwa kwa bahati mara 0.0027, kwa hiyo unatarajia ishara 0.9 ya uongo kwa kila pikseli. Karibu kila pikseli "ina sumaku"! Panda hadi sigma 4.5, ishara za uongo zinashuka hadi pikseli 2 au 3 kwa 1000. Na kizingiti hicho kiwekwe kwenye Q au U zenyewe. V ikivuka peke yake, huna haki ya kuzungumzia mlalo.

Njia mbili za kupata nafuu. Ya kwanza, nenda kwenye infraredi: mstari wa chuma wa nanometa 1564.8 wenye Landé 3 unatanuka kwa sumaku, ukilinganisha na upana wake, karibu mara 3 ya 630.25. Ya pili, kusanya mwanga zaidi, lakini kwa kiasi. Ramani ya sekunde 100 za tao kwa hatua za 0.16 ni hatua 625. Kwa sekunde 4.8 kila moja ni dakika 50. Granuli za mwanzo wa ramani zimeshakufa ukifika mwisho. Hiyo ramani usiite picha. Kila safu ina saa yake, na ukilinganisha na picha ya kromosfia, linganisha safu kwa safu.

Kwa sumaku iliyochanganyika kiasi kwamba Zeeman inajifuta yenyewe ndani ya pikseli, kuna athari ya Hanle, yaani sumaku inavyobadilisha upolaraishaji wa mwanga uliotawanywa. Trujillo Bueno na wenzake mwaka 2004, kwa mstari wa strontiamu wa 460.7, walikadiria wastani wa gausi 130. Ni nishati kubwa, lakini Hanle haikuambii iko granuli ipi.

#9 Tao_Dogo

Nami nizungumzie matundu ya wavu, maana yanadharauliwa. Kwa wakati wowote yamebeba sehemu ndogo ya fluksi, takriban asilimia 14 kwa hesabu ya Gošić na wenzake ya mwaka 2014, lakini yanazalisha kwa kasi ya ajabu: fluksi inayosafiri kutoka matunduni kwenda wavuni inatosha kuujaza wavu upya ndani ya saa 10 hivi. Wavu basi unakula kinachozaliwa matunduni.

Kinachozaliwa ni vitao, yaani matao madogo ya sumaku. Unaona kwanza kiraka cha Q na U juu ya granuli, kisha ncha mbili za V, chanya na hasi, zinajitokeza pande mbili za kiraka na kuachana hadi zinafika kwenye vijia vya kati ya granuli. Martínez González na Bellot Rubio mwaka 2009 walivifuata vitao hivyo kimo kwa kimo kwenye data za Hinode: takriban robo tu ndivyo vilivyofika kromosfia ya chini. Vingine vilivunjwa na mchemko vikiwa bado fotosfia.

Mfuatano wa kutafuta kwenye data ni huu. Kiraka cha Q na U kionekane kabla ya ncha, dakika moja au mbili. Ncha ziwe na fluksi inayokaribiana. Ziachane, zisikaribiane. Baada ya dakika kadhaa ishara ionekane kwenye Mg I b (mstari wa magnesiamu unaotoka juu kidogo), kisha mwangaza kwenye Ca II H, kwa mpangilio huo. Ukiona mwangaza wa Ca II H kabla ya kiraka cha fotosfia, umekamata kinukta cha sauti cha #6.

Kitao kikifika juu kinakutana na paa la wavu ambalo Mrija1500 amelieleza. Mwelekeo ukipingana, mistari ya sumaku inaungana upya na nishati inatoka hapo. Mwelekeo ukilingana, kitao kinasukumwa pembeni kimya kimya. Ndiyo sababu vitao viwili vinavyofanana kabisa chini vinaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa juu, na ramani ya fotosfia pekee haitakuonyesha sababu.

#10 Msuka_Wavu

Tao_Dogo, tuitie hesabu hiyo basi. Kitao cha gausi 100 chenye ujazo wa kilometa 1000 kwa 1000 kwa 500 kina jouli 40 kwa mita ya ujazo, jumla jouli 2 × 10¹⁹. Kipande cha kilometa 1000 kwa 1000 cha kromosfia kinapoteza wati 4 × 10¹⁵. Gawanya: sekunde 5000, dakika 83. Kila kipande cha ukubwa huo kingehitaji tukio moja la namna hiyo kila dakika 83, na nishati yote itoke kwenye kimo cha kromosfia, isipotelee chini. Ukikumbuka kwamba robo tu ndiyo inafika, lazima vizaliwe mara 4 ya hapo. Darubini za sasa hazijahesabu matukio mengi kiasi hicho.

Msimamo wangu: mahali tukio lilipo, linapasha kweli, na kwa nguvu. Kwa Jua tulivu zima, vitao vinavyoonekana leo havilipi deni la kromosfia. Kwenye wavu, mawimbi yaliyopita milangoni pamoja na msokoto wa mirija vina nafasi nzuri zaidi. Darubini ya DKIST ya mita 4 kule Haleakalā inatenganisha kilometa 20 na kitu kwenye mwanga wa kijani, na hapo ndipo hesabu hii itabadilika kama itabadilika.

#11 Tao_Dogo

Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na gausi 100. Ujazo ule ule kwa gausi 200 unatoa nishati mara 4, na kitao kikiwa bado fotosfia kinaweza kuwa na zaidi ya hapo. Hesabu yako inategemea B mraba, na B ndiyo tusiyoijua vizuri kwenye kimo hicho.

#12 Msuka_Wavu

Kweli. Ila kikipanda kinapanuka, na B inashuka pamoja nacho. Ndiyo maana nimechukua namba ya kimo cha kromosfia, nikaacha ya kuzaliwa.

#13 Kioo_Safi

Kwa wanaotaka kuoanisha HMI, AIA na IRIS (setilaiti ya kutazama kromosfia), haya ndiyo yanayoharibu kazi.

Faili la HMI linakuja limegeuzwa. Angalia CROTA2 (pembe ya mzunguko iliyoandikwa kwenye faili), iko karibu digrii 180. Usipolizungusha, kaskazini inakuwa kusini, na kwenye Jua tulivu hutagundua, kwa sababu pilipili na chumvi (ncha nyeusi na nyeupe za sumaku) zinafanana kila upande. Rejista AIA kwenye pikseli 0.6 kwanza, kisha oanisha ramani ya thamani kamili ya sumaku na AIA 1700 (namba hizi za AIA na IRIS ni angstromu), maana wavu unang'aa pale pale sumaku zilipo. Usianze na 193 wala 171. Mwanga wake unatoka juu ya matao na utakusogeza sekunde kadhaa za tao. Kwa IRIS, picha ya 2832 inaoanishwa na mwangaza wa HMI, na ya 1400 na AIA 1600.

Mzunguko wa Jua unasogeza katikati ya diski karibu sekunde 10 za tao kwa saa. Picha zilizopishana dakika 6 zimepishana sekunde 1 ya tao, karibu ukubwa wa granuli nzima. Zizungushe zote kwenye saa moja.

Kelele ya HMI kwa picha ya sekunde 45 ni gausi 10, ya sekunde 720 ni kama 6. Usichukue ya 720 kwa tukio la dakika 3, utalipaka likapotea. Na baki katikati ya diski. Ukitoka zaidi ya digrii 40, sumaku iliyolala inaingia kwenye kipimo cha V, na kitu kilicho juu kilometa 3000 kinasogea kuelekea ukingoni karibu kilometa 2000.

#14 Pikseli_Tupu

Na mioto midogo iliyoonwa na chombo cha Solar Orbiter? Hiyo si ndiyo vimweko vya Parker (milipuko midogo mno ya sumaku) vya kupasha korona?

#15 Kioo_Safi

Picha za EUI, kamera ya chombo hicho, za tarehe 30 Mei 2020, kwa nanometa 17.4, zilionyesha vimweko vya urefu wa kilometa 400 hadi 4000, vya sekunde 10 hadi 200, kwenye kimo cha kilometa 1000 hadi 5000. Vingi vimekaa kwenye nyuzi za wavu, na hilo lina maana. Lakini kuviona si kulipa wati 300. Ukihesabu nishati kwa ukubwa wa matukio, mgawanyo ukifuata E kwa kipeo hasi α, madogo yanatawala pale tu α inapozidi 2. Kipeo hicho kinabadilika kwa kizingiti cha kugundulia, na kwa jinsi unavyokisia unene wa tukio usiouona. Badilisha kisio cha unene, α inaruka kutoka upande mmoja wa 2 hadi mwingine.

Kwa anayeoanisha na SDO: siku ile chombo kilikuwa karibu nusu ya umbali wa Dunia na Jua, hivyo mwanga ulikifikia karibu dakika 4 kabla ya kuifikia SDO. Tukio lenyewe linadumu chini ya hapo. Ukitumia saa ya kwenye faili bila kusahihisha, unalinganisha kimweko na sumaku ya wakati ambao bado hakijazaliwa.

#16 Nukta112

Kabla ya kuandika "vimweko 70 kwa 100 viko juu ya ncha mbili zinazopingana", fanya jaribio hili. Sogeza ramani ya sumaku kwa umbali wa kubahatisha, sekunde 15 hadi 30 za tao, kila mara kwa mwelekeo tofauti, mara 200, na kila mara hesabu upya ni vimweko vingapi vimeangukia ncha mbili. Usisogeze kwa karibu sekunde 40, kwa sababu huo ndio upana wa supagranuli na uzi wa wavu utaangukia uzi mwingine. Jua tulivu limejaa ncha ndogo kiasi kwamba hata nukta iliyotupwa ovyo itapata jozi jirani mara nyingi, hasa kizingiti kikiwa chini. Namba inayofaa kuandikwa ni tofauti kati ya hesabu yako halisi na wastani wa zile 200, pamoja na mtawanyiko wake.